Kilichoachwa Ulaya ni kisu, kipimo cha tezi kipo palepale

Habari imefika Dar es Salaam ikiwa nusu. Inasema Wazungu wameacha kukata tezi za kwapa kwa wagonjwa wa saratani ya matiti na wagonjwa wao wanaishi vilevile. Nusu hiyo ni ya kweli. Desemba 2024 watafiti wa Ujerumani na Austria walichapisha matokeo ya utafiti uitwao INSEMA, na Aprili 2025 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kikabadilisha mwongozo wake ili baadhi ya wanawake wasiguswe kwapa kabisa. Nusu ya pili, inayoeleza ni wanawake gani na kwa masharti yapi, imebaki njiani. Kwa hiyo mgonjwa wa Mbagala anaipata habari kwa mdomo wa mtoto wa kaka yake: "Shangazi, wenzetu wameshaacha, wewe unakubali kukatwa ya nini?" Shangazi, ambaye tangu mwanzo hakuwa na hamu ya kuingia thieta, anaikunja barua ya rufaa na kuirudisha kwenye mkoba.

Msimamo wangu ni huu: utafiti wa Ulaya haukusema tezi hazina haja ya kuchunguzwa. Ulionyesha kwamba mwanamke mwenye uvimbe mdogo, ambaye kwapa lake limeshapigwa ultrasaundi na kuonekana safi, haongezewi uhai kwa kupasuliwa kwapa. Uchunguzi umehama kutoka kwenye kisu kwenda kwenye ultrasaundi, sindano ya kuvuta chembe na hadubini. Mji ambao bado haujauhamisha uchunguzi huo, ukiacha kisu, unabaki mikono mitupu. Na mji huohuo ukiendelea kufyeka kila kwapa kama zamani, yaani kuondoa tezi zake zote, eti kwa kuwa habari za Ulaya hazituhusu, unawaachia mkono uliovimba wanawake ambao wangeweza kutibiwa bila kuupata. Sisi leo tuko karibu kufanya makosa yote mawili kwa pamoja.

Tezi za limfu ni vichujio vidogo vilivyojipanga kwapani, shingoni, kinenani na ndani ya kifua na tumbo. Sehemu kubwa ya majimaji ya titi hupitia kwapani. Chembe ya saratani ikitoroka titini, mara nyingi huonekana huko kwanza, kama mvua ya Kimara inavyoonekana Jangwani kabla ya kufika baharini. Ndiyo maana tangu William Halsted wa Marekani aeleze upasuaji wake mkubwa mwaka 1894, madaktari waliamini kwamba kumwokoa mgonjwa ni kuondoa titi, misuli ya kifua na tezi zote za kwapa kwa pamoja. Imani hiyo ilitawala kwa miongo mingi. Bernard Fisher na wenzake ndio walioitikisa, kwa utafiti wa B-04 ulioanza mwaka 1971: wanawake ambao kwapa lao halikuwa na tezi za kushikika waligawanywa, wengine wakafyekwa kwapa, wengine wakaachwa chini ya uangalizi au wakapigwa mionzi. Baada ya miaka 25 hapakuwa na tofauti ya maana ya vifo kati yao. Tangu hapo kazi kubwa ya kuondoa tezi kwa wanawake wa namna hiyo imekuwa kutoa taarifa, yaani kumwambia daktari ugonjwa umefika wapi na dawa gani itumike.

Kama lengo ni taarifa, basi haihitajiki kutoa tezi zote. Hapo ndipo ilipozaliwa njia ya tezi mlinzi, yaani tezi ya kwanza inayopokea majimaji kutoka kwenye uvimbe. Donald Morton aliieleza mwaka 1992 kwa saratani ya ngozi, na ndani ya miaka miwili David Krag na Armando Giuliano, kila mmoja kwa namna yake, wakaileta kwenye titi. Inafaa msomaji aione inavyofanyika, kwa sababu wengi wanaoiogopa wanadhani ni upasuaji mkubwa. Mgonjwa akishalala, daktari anachoma mililita chache za rangi ya buluu karibu na chuchu, kisha titi linakandwa kwa dakika kama 5. Rangi inafuata mishipa ya limfu. Mkato mfupi unafunguliwa chini kidogo ya nywele za kwapa, mafuta yanatenganishwa taratibu, na katikati ya unjano wa mafuta unatokea uzi wa buluu unaoongoza hadi kwenye tezi iliyokolea rangi. Tezi hiyo inatolewa nzima, bila kubanwa wala kupasuliwa, pamoja na nyingine yoyote iliyoshika rangi au inayoonekana ngumu kidoleni. Mara nyingi ni mbili au tatu. Kwapa linafungwa, mara nyingi bila mrija wa kutoa maji, na mgonjwa anaambiwa asishtuke akiona mkojo wa kijani kesho yake.

Rangi hiyo si ya ajabu. Methilini bluu ndiyo ileile ambayo wenzangu wa maabara za kifua kikuu huitumia kila siku kupaka makohozi kabla ya kuyaweka chini ya hadubini. Inayochomwa mwilini ni lazima iwe dawa safi iliyotengenezwa kwa ajili ya sindano, mjamzito haipewi, na anayetumia dawa fulani za sonona anapaswa kumwambia daktari mapema. Lakini ni dawa ya bei nafuu. Wanaosema njia ya tezi mlinzi ni anasa ya nchi tajiri wanafikiria njia ya kuchoma dawa ya mionzi na kuitafuta kwa mashine ya kunusa mionzi, ambayo ni kweli ni ghali, na kusahau kwamba Giuliano alianza na rangi tu.

Tofauti kati ya kutoa tezi mbili na kufyeka kwapa anaijua vizuri aliyewahi kuuona mkono uliovimba. Jirani yangu wa Tandika alikuwa akiuza vitumbua. Miaka miwili baada ya kufyekwa kwapa, mkono wake wa kulia ulivimba kuanzia vidole hadi begani, pete ikakatwa kwa msumeno mdogo, na mkono wa gauni ukafumuliwa mshono ili uingie. Akiungua na mafuta ya kikaangio, hata tone, mkono unawaka homa. Aliacha biashara. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watano waliofyekwa kwapa hupata uvimbe wa mkono, wakati kwa waliotolewa tezi mlinzi pekee ni kama asilimia 5.6. Ongeza ganzi ya kudumu upande wa ndani wa mkono, na bega linalokaza. Kwa mwanamke anayefua, anayekanda unga na anayebeba ndoo, hiyo ni gharama ambayo haiandikwi kwenye cheti cha hospitali.

Sasa turudi Ulaya. Wanawake wa INSEMA walikuwa zaidi ya 5,000. Takriban tisa kati ya kumi walikuwa na uvimbe usiozidi sentimita 2. Karibu wote walikuwa na saratani inayoitikia dawa za homoni. Wote kwapa lao halikuwa na tezi za kushikika, na ultrasaundi ilikuwa haijaona tezi ya kutia shaka. Wote walipangiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe tu na kubakiza titi, kisha titi zima lipigwe mionzi. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai bila saratani kurudi walikuwa asilimia 91.9 kwa wasioguswa kwapa na 91.7 kwa waliotolewa tezi mlinzi. Utafiti wa Italia uitwao SOUND, uliotoka mwaka 2023, ulikuwa umeonyesha jambo hilohilo kwa uvimbe wa hadi sentimita 2. Mwongozo wa ASCO ukabana zaidi: mwanamke awe amekoma hedhi na ana miaka 50 au zaidi, uvimbe usizidi sentimita 2 na usiwe wa daraja kali, uwe unaitikia homoni, na ultrasaundi ya kwapa iwe safi. Kila sharti hapo lina kazi. Ukiondoa moja, namba zile si zako tena.

Mwanamke wa namna hiyo yupo Dar es Salaam, lakini ni wachache. Tathmini ya huduma za matiti nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilieleza kwamba wagonjwa kama wanane kati ya kumi hufika wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Wanafika na uvimbe unaoonekana kwa macho, na tezi za kwapa zinazoshikika kwa vidole kabla hata ya kipimo chochote. Wengi bado wako kwenye umri wa kuzaa au ndio kwanza wanautoka. Wengi hukatwa titi lote. Kumwambia mwanamke huyo kwamba "Ulaya wameacha" ni kumpa dawa ya mgonjwa mwingine. Yeye tezi yake ile iliyovimba inahitaji kuchomwa sindano wiki hii, kwa sababu majibu yake ndiyo yatakayoamua kama ataanza na upasuaji au na dawa za drip za saratani (kemotherapi), na kama mionzi itafika hadi kwapani.

Ipo hoja ya wanaosema kisu au sindano ndivyo vinavyoisambaza saratani, kwamba uvimbe ukiguswa "unaamka". Naitaja kwa sababu ndiyo inayoua, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Inatoka kwenye ushahidi wa macho: mtu alikuwa akitembea, akachukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa, miezi michache baadaye akazikwa. Lakini mtu huyo alifika akiwa amekaa na uvimbe mwaka au zaidi, amepita kwa waganga, amemaliza dawa za kuchua. Ugonjwa ulikuwa umeshasafiri kabla ya sindano kuonekana. Tafiti za INSEMA na SOUND zenyewe, ambazo sasa zinatumiwa kuwatisha watu, zinawaumbua wanaodai hivyo: nusu moja ya SOUND ilitolewa tezi, na katika INSEMA waliotolewa walikuwa wengi zaidi, na hawakufa kuliko walioachwa. Kama kuzigusa tezi kungekuwa kunaisambaza saratani, hapo ndipo ingeonekana. Na kila mwanamke katika tafiti hizo, wa upande wowote, alikuwa ameshachomwa sindano ya titi. Bila kinyama hakuna anayejua ni saratani gani.

Hoja ninayoiheshimu ni ya madaktari wa upasuaji, na nimewasikia wakiieleza kwa uchungu. Wanasema: mgonjwa wangu anatoka Rufiji au Mafia. Nikimtoa tezi mbili leo, majibu ya patholojia, maabara inayochunguza kilichokatwa, yatatoka baada ya wiki kadhaa. Yakisema tezi ina saratani, je, nitampata tena? Nauli itatoka wapi? Heri nilisafishe kwapa lote siku hiyohiyo, aende akiwa amemaliza. Huyu si daktari mvivu. Anafanya hesabu za nchi aliyomo. Ila hesabu zake zimepitwa na wakati mahali pawili. Kwanza, kwa mwanamke ambaye kwapa lake ni safi kwa vidole na kwa ultrasaundi, hata tezi mlinzi moja au mbili zikikutwa na saratani, si lazima arudishwe mezani. Utafiti wa Marekani uitwao Z0011 uliwafuatilia wanawake ambao kwapa lao halikuwa na tezi za kushikika lakini tezi mlinzi moja au mbili zilikutwa na saratani, waliobakiza titi na kupata mionzi, na baada ya miaka 10 waliobaki hai walikuwa asilimia 86.3 kwa wasiofyekwa na 83.6 kwa waliofyekwa. Utafiti mwingine, AMAROS, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba mionzi ya kwapa inaweza kufanya kazi ya kisu, na uvimbe wa mkono ukawa asilimia 11 badala ya 23 kwa kipimo cha miaka 5. Mgonjwa wa Mafia atarudi kwa ajili ya mionzi au dawa kwa vyovyote vile. Pili, yule mwenye tezi zilizovimba anaweza kupata jibu lake kabla ya upasuaji, kwa sindano, na daktari akaingia thieta akijua anakwenda kusafisha kwapa kwa sababu ipi.

Pale ambapo daktari huyo yuko sahihi kabisa ni kwa wagonjwa walioanza na dawa za drip wakiwa na tezi zenye saratani, kisha tezi zikanywea. Hapa nisingependa mtu yeyote ajipe ujasiri wa rangi ya buluu peke yake. Utafiti wa Z1071 wa mwaka 2013 uliikuta njia ya tezi mlinzi ikikosea kwa asilimia 12.6 ya waliokuwa bado na ugonjwa kwapani, na kosa lilikuwa kubwa zaidi pale kifuatiliaji kimoja tu, rangi au dawa ya mionzi, kilipotumika. Lilishuka pale rangi ilipounganishwa na teknesiamu, ile dawa ya mionzi, na pale tezi tatu au zaidi zilipotolewa. Teknesiamu hupungua nusu kila baada ya saa 6, kwa hiyo inadai mpango: mgonjwa achomwe asubuhi, apasuliwe siku hiyo au kesho yake. Taasisi ya Saratani Ocean Road ina kitengo cha tiba ya nyuklia, na kutoka hapo hadi Muhimbili si safari. Kinachotakiwa ni ratiba moja ya wagonjwa, na mashine ya kunusia mionzi ndani ya thieta. Mpaka hayo yatakapokuwepo kwa uhakika, kumsafisha kwapa mgonjwa wa kundi hili si ukatili.

Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya kupokea sampuli, na naomba niseme kinachoonekana kutoka upande ule. Ndugu wa mgonjwa anaingia na mfuko wa rambo. Ndani kuna kikopo kilichokuwa cha dawa, kinyama kimejaa hadi kwenye kifuniko na formalini ni kidogo tu, wakati inapaswa kuwa kama mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Karatasi iliyoviringishwa na kufungwa kwa mpira inasema "tezi, kwapa", basi. Haisemi upande gani. Haisemi mgonjwa ameshapata dawa za drip au bado. Wakati mwingine tezi imekatwa vipande, na hakuna tena wa kusema ni tezi ngapi zilikuwemo. Mtaalamu wa patholojia aliyesoma miaka yote ile anabaki kuandika jibu linalojificha. Hapo hakuna tofauti kama daktari ametoa tezi 2 au 20. Taarifa iliyotafutwa kwa kisu imepotelea kwenye kikopo. Ndiyo maana mabishano ya kukata au kutokata yananichosha yanapofanywa bila kumtaja anayepokea hicho kilichokatwa.

Na ujumbe wa "usikubali kukatwa tezi" hauishii kwa wagonjwa wa matiti. Unamfikia kijana wa Manzese mwenye mtoki wa shingo wa miezi miwili, homa za jioni na jasho la usiku. Kwake hakuna utafiti wowote wa Ulaya unaosema asipimwe. Inaweza kuwa kifua kikuu cha tezi, ambacho kinatibika kwa vidonge vya miezi 6. Inaweza kuwa limfoma, saratani ya tezi zenyewe, ambayo dawa zake ni nyingine kabisa. Inaanza sindano nyembamba, na majimaji yake yanaweza kuingizwa kwenye mashine ya GeneXpert kutafuta kifua kikuu, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani limelipendekeza tangu mwaka 2013. Sindano ikishindwa kutoa jibu, au limfoma ikishukiwa, tezi inatolewa nzima na gamba lake, kwa sababu mtaalamu anahitaji kuuona mpangilio wa chembe zote. Tezi igawanywe hapohapo thieta: kipande kiende kwenye maji ya chumvi safi kwa ajili ya kuotesha vijidudu, kilichobaki kwenye formalini. Ikitumbukizwa yote kwenye formalini, vijidudu vimekufa na havioti tena. Na nyuma ya shingo daktari awe mwangalifu, maana mshipa wa fahamu unaoinua bega unapita juujuu. Ukikatwa, kijana wa kubeba mizigo amepoteza kazi kwa sababu ya mkato wa sentimita 3.

Nikiangalia haya yote pamoja, naona mkoa huu unahitaji hatua ndogo zinazoshikika. Kila mwanamke mwenye uvimbe wa titi anayefika Amana, Temeke au Mwananyamala apigwe ultrasaundi ya kwapa siku ileile anayopigwa ya titi, na tezi yenye shaka ichomwe sindano palepale akiwa bado kitandani, asipewe tarehe nyingine. Mwenye kwapa safi apelekwe kwa daktari anayeijua njia ya rangi ya buluu, na madaktari wa upasuaji wa jumla waifundishwe kwa kufuata utaratibu uliotumika kwingine: kutoa tezi mlinzi kwanza, kisha kusafisha kwapa kama kawaida, mpaka idadi ya kutosha ionyeshe kwamba tezi yao mlinzi inasema kweli. Fomu ya patholojia iwe na nafasi za lazima za upande, dawa alizopata na idadi ya tezi. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapitishwa tangu mwaka 2023, wanaopanga kitita cha huduma waitazame ultrasaundi ya kwapa pamoja na sindano yake kama sehemu ya tiba ya saratani. Kitita kikilipia kufyeka kwapa na kumwachia mgonjwa gharama ya sindano mfukoni mwake, tutaendelea kufyeka.

Kuhusu shangazi wa Mbagala, barua yake ya rufaa haijaisha muda. Akifika, amuulize daktari maswali matatu kabla ya kukubali au kukataa: kwapa langu limepigwa ultrasaundi, kuna tezi iliyochomwa sindano, na majibu yanasemaje? Majibu hayo yakiwepo, huenda na yeye akawa miongoni mwa wasiohitaji kuguswa kwapa, au akahitaji tezi mbili tu, au lote. Yasipokuwepo, hakuna mtu, Ulaya wala hapa, anayeweza kumwambia aache.